Mkono Chini ya Rangi

Tangu kuta za nyumba zote zipakwe rangi inayosikia na kuuliza maswali, tumezoea kunong'onezana jikoni huku tukigongagonga sufuria. Mwaka huu wazee tumeruhusiwa kuiondoa kwenye chumba kimoja. Nilichagua sebule, maana chini ya rangi kuna alama ya mkono ambayo binti yangu, marehemu Nyamizi, aliibonyeza kwenye saruji mbichi alipokuwa mdogo.

Fundi Mwamvua alikuja na mashine ya kurusha maji yaliyochanganywa na mchanga.

"Bibi, mchanga unakwangua. Huo mkono unaweza kuondoka na rangi."

"Taratibu, mwanangu. Sina alama yake nyingine."

Akapunguza nguvu. Alipokaribia mahali nilipomwonyesha akafunga mchanga, akabakiza maji matupu, kisha akamalizia kwa kitambaa kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kidole gumba kikatokea, halafu vingine vyote.

Mjukuu wangu Kalunde akaweka kiganja chake pale. Kikaenea sawasawa.

"Kumbe mama alikuwa na mkono kama wangu!" akacheka.

Nikapiga vigelegele, Mwamvua akadakia.

"Jamani, mnashangilia nini?"

Sauti hiyo ya upole iliingia dirishani, kutoka kwenye ukuta wa jirani. Mwamvua akanitazama, kisha akafungua maji kwa nguvu zote na kuyaelekeza uani, ambako hapakuwa na kitu cha kuosha.

Ndani ya mngurumo wa mashine nikapiga vigelegele tena, kwa sauti yangu yote.