Ianzie Mwanga Mkali

Msimamizi wa ghala la dawa alikuwa ameshamwagiza mama mlinzi mara mbili: tochi yake ianzie mwanga hafifu, asije akawaumiza watu macho. Basi kila aliposikia vishindo gizani, mwizi aliyekuwa akiiba dawa alitoweka kabla yeye hajauongeza mwanga.

Jioni ile alikaidi. Alikibana kitufe cha mpira mpaka ukucha wa gumba ukawa mweupe, akaitega tochi ianzie mwanga mkali.

Mlango wa nyuma ulipolia, alibonyeza mara moja tu. Mbele yake alisimama msimamizi, katoni ya dawa begani, macho kayafinya.

"Mama, si nilikwambia uanzie hafifu?"

"Uliniambia, bosi," alijibu, tochi hakuishusha. "Sasa tua mzigo."