Chupa ya Vitamini

"Kuna dawa nyingine anayotumia?" dada wa duka la dawa aliuliza, mkono juu ya boksi la antibiotiki.

"Vitamini tu," mume wa Recho alijibu, kana kwamba kikohozi kile kilikuwa kifuani mwake yeye.

Recho alimtazama. Mzee wa kanisa mzima, na tai yake! Alikuwa amemburuza na homa yake kutoka Iyula hadi Tunduma, akiyapita maduka ya dawa chungu nzima, ili tu muumini yeyote asisikie swali kama hilo. Ndiye aliyehamishia vidonge vya Recho kwenye chupa ya vitamini yenye picha ya chungwa. Wageni wakija, anaisogeza karibu yao waone anavyomtunza mke.

Recho akaitoa ile chupa mkobani, akaimimina juu ya kaunta. Kidonge kimoja kikabiringika hadi kwenye kiwiko cha mumewe, naye akakikwepa kama kinyesi.

"Hizi ni dawa za sonona," Recho alisema. "Nameza kila siku."

Dada akakigeuza kidonge, akasoma maandishi yake, akalirudisha boksi kabatini.

"Baba, hizi mbili zikikutana zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ungemuua mkeo! Ngoja nimpigie daktari, atuambie ya kubadilisha. Na wewe mama, hizi zako usiziache."

Mume alikuwa akiangalia mlangoni.

"Dada," alinong'ona, "si uongee taratibu kidogo?"

"Msamehe bure," Recho alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mimi dawa yangu ipo. Ya huyu, sijui kama mnauza."