Sindano ya Kongoni

Wanyama walipokuwa wangali wakisemezana, alikuwako Mbuni kijana aliyekuwa akijifunza kukimbia. Alichagua uwanja wa magadi, mkavu na mgumu kama sakafu, kwa kuwa hapo vishindo vyake vilisikika mbali.

Kando yake, nyasini, alikimbia Kongoni mzee. Kongoni, si Nyamera, ingawa wengi huwachanganya. Alikimbia kidogo, akatembea, akakimbia tena, asisikike.

"Babu, unakimbia au unatafuta sindano?" Mbuni aliuliza.

"Natafuta sindano, mjukuu wangu. Na wewe, miundi ya miguu haikuumi?"

Ilikuwa ikimuuma tangu jana, lakini Mbuni alizidi kupiga mbio.

Asubuhi moja Mbwa-mwitu walitokea. Mbuni aliinuka akimbie. Maumivu yakampanda muundini hadi gotini, akaketi. Aliwatazama wakija, akajua ameliwa.

Ndipo Kongoni alipokatiza mbele ya pua zao, nao wote wakamgeukia. Mbuni hakuwahi kuona kitu kama kile. Mzee alipita juu ya nyasi kama kivuli cha wingu, bila kishindo, na wale Mbwa-mwitu wakabaki nyuma, wakawa vidoa, wakakata tamaa. Mbuni alisahau hata kupumua.

Alipumzika mpaka miundi ikapoa. Kisha Ngiri, akipita, akamkuta nyasini akitembea taratibu nyuma ya Kongoni.

"Mmepoteza nini nyinyi wawili?"

"Sindano," alisema Mbuni. "Na usituharakishe."