Msalaba wa Uzi Mwekundu

Verla alifika kwenye sherehe ya makumbusho na pai ya tufaha, ameifunika kwa kitambaa cha marehemu mama yake. Mzee anayetembeza wageni alikitazama, akacheka.

"Dada, sherehe haijaanza, umeshatuibia kitambaa?"

Akamwonyesha kitanda cha chuma nyuma ya kamba. Shuka, taulo na foronya vilishonwa pembeni msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Jengo lilipokuwa nyumba ya maskini wa kaunti, alieleza, alama hiyo ilishonwa kwenye vitu vya maskini, visichanganyike na vya familia ya msimamizi wakati wa kufua.

Verla akageuza pembe ya kitambaa chake. Msalaba ule ule. Mama alikuwa akiushona kwenye kila kitu nyumbani, hata leso za baba.

"Lakini mama alikulia humu kama binti wa msimamizi," alisema. "Ndivyo alivyotuambia siku zote."

Mzee hakucheka tena. "Huenda alikuwa binti yake," alisema taratibu. "Lakini alama hii ilikuwa ya maskini waliolala humu."

Kisha akaipokea pai, akaifungua kamba.

"Pita ukae kitandani, dada. Wewe si mgeni humu."

Verla hakujua abishe au ashukuru. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka pale ilipokuwa kamba.