Mtemi Nungunungu Ageuza Mgongo

Alitokea Chui kutoka ng'ambo ya mto, akavitwaa vilima vyote. Kila mtemi aliitwa, akainama mbele yake, akarudi kwake mtumishi. Zamu ya Mtemi Nungunungu ilipofika, hakwenda. Chui akamfuata hadi mlangoni pa pango lake.

"Inama!" alinguruma.

"Kwetu, mtemi huwainamia wazee wake waliokufa tu," alijibu Nungunungu. "Nawe naona ungali mzima."

"Basi geuka, uondoke katika nchi hii!"

Nungunungu alilitazama pango walimozikwa babu zake. Akageuka taratibu, akampa Chui mgongo.

Chui hakuwa na nia ya kumwacha aende. Alimrukia huku akicheka, asijue kwamba ukoo ule hupigana kinyumenyume. Nungunungu alisimamisha miiba yake yote, akarudi nyuma kwa kishindo.

Chui aliteremka kilimani kichwa chini, pua imejaa miiba. Watemi wote walimwona anavyopita ameinama, nao, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kuinyoosha migongo yao.