Jua Chini ya Kitanda

Prefe Alphonse, mkuu wa shule, alifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akauweka mezani juu ya barua iliyokwisha kupigwa mhuri. Falonne aliisoma kichwa chini miguu juu: kufukuzwa shule. Kilichobaki kujazwa ni jina tu.

"Fungula kaye, mutoto."

Falonne akalifungua daftari. Wiki tatu zilibaki kabla ya egzetat, mtihani wa kumaliza sekondari, na mama yake alikwisha kuutangazia mtaa mzima wa Katuba kwamba binti yake anakwenda univerite.

Kosa lenyewe shule yote ililijua. Kila Jumatatu alfajiri, chini ya benchi la tatu, ilikutwa sura mpya ya hadithi ya Ngosa, msichana wa mji ambao kampuni moja ilikuwa imenunua vivuli vya watu wote. Mwandishi hakujulikana, aliandika kwa herufi kubwa tupu, mwandiko usio na mwenyewe. Aliyeiokota aliinakili katika kaye yake, akachana ile ya asili, kisha akawapitishia wenzake. Prefe alipoikataza wiki ya pili, ndiyo kwanza ikashika moto. Watoto walitembea na maneno ya Ngosa yameandikwa mikononi kwa wino wa biki.

Leo zamu ilimwangukia Falonne. Alikuwa peke yake darasani, ndio kwanza amemaliza kunakili sura ya saba, vipande vya asili bado vimo mfukoni, Prefe akamsimamia kichwani.

"Nani anasomaka huu upuuzi?"

"Bote, Mesie Prefe. Hata Mwenya wa benchi ya nyuma, ule anaogopaka kitabu sawa nyoka."

Prefe aligeukia dirishani ghafla, akakohoa, mabega yakamtikisika. Hasira imempanda, Falonne akajua. Pembeni pa dirisha lilisimama kabati la vitabu ambalo mzee huyo alikuwa amewasihi wanafunzi miaka kumi waje kulifungua. Kufuli lilikuwa limeota kutu.

"Soma ya mwisho. Kwa sauti!"

Sauti ilimtoka nyembamba kama ya panya. "Ngosa akasimama mbele ya wakubwa wa kampuni, akasema: Kivuli changu mumekinunua, lakini jua lenyewe nimelificha chini ya kitanda..."

"Ya ulimi!" Prefe alidakia, macho yangali nje. "Chini ya ulimi! Kitanda si ingeungua, weye?"

Falonne akaangalia kaye. Kweli, haraka ilimponza: chini ya kitanda ndiko alikoficha zile sura sita za kwanza. Akakata neno, akaanza kuandika jingine juu yake. Katikati ya neno, mkono ukasimama.

Akainua macho. Prefe alikuwa anaichana ile barua, taratibu, vipande vinne. Kisha akafungua mlango. Nje wanafunzi wa la sita, darasa la mwisho, walibanana, masikio mbele.

"Musikie muzuri!" akanguruma. "Nikikamata mutu na sura ya nane, siku ile njo ya mwisho yake hapa!"

Wakatawanyika kama kuku. Prefe akarudisha mlango, akaketi, akavuta karatasi nyeupe.

"Unikopeshe biki, mwanangu," akanong'ona. "Yangu ilikufa mu sura ya saba."