Mchoro wa Sentimita

Hakuwa na namba ya gari. Hakuijua hata rangi yake. Hakuwa na shahidi, wala ripoti ya maana kutoka polisi, wala goti la kushoto linalokunjika. Na kama wifi yake alivyopenda kumtania ili acheke kidogo, hakuwa hata na pea moja kamili ya viatu, maana kile cha kushoto kilipotea siku ile ile.

Fundi cherehani aligongwa alfajiri, furushi la sare za wanafunzi likiwa kichwani. Alikumbuka mwanga mgongoni, basi. Wapakizi wa maziwa ndio waliomwokota. Walimulika huku na huku wakitafuta kiatu, wakakikosa. Polisi walipofika jua lilikuwa limeshapanda, na mafundi wa barabara, wasio na habari yoyote, walikuwa wameendelea na kazi yao: mfereji wote umefunikwa kwa mifuniko ya zege na lami imefagiwa. Hapakubaki cha kuchora.

Sasa mfuko wa fidia, ule unaowalipa waliogongwa na madereva waliokimbia, ulikuwa umemrudishia maombi yake. Yalikosa mchoro wa eneo la ajali. Bahasha igongwe muhuri wa posta kabla ya Ijumaa, la sivyo faili linafungwa. Naye daktari alishasema bila kupepesa macho: goti lisipopasuliwa tena mwezi huu, mguu utakatwa. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga.

Ndipo Sentimita alipojitolea.

Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, rafiki wa marehemu mumewe. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kukalia kiti bila kukisogeza kwanza kilingane na meza. Siku ya ajali alisafiri kwenda kwa binti yake. Alirudi baada ya wiki mbili bila gari. Lilikuwa linamla hela, alisema, akaliuza huko huko. Tangu hapo akawa mtu wa miguu, akihesabu hatua. Yeye ndiye aliyeleta magongo. Yeye ndiye aliyejaza fomu kwa mwandiko wake ulionyooka: dereva, hajulikani.

Alhamisi mchana alibisha hodi, karatasi imeviringishwa kwapani.

"Leo hatua ngapi?" wifi aliuliza kutoka jikoni.

"Mia na kumi na mbili. Jana zilikuwa mia na kumi na nne."

"Basi nyumba yetu inakusogelea, Sentimita. Angalia."

Hakucheka. Alitandaza mchoro juu ya meza ya cherehani, akaibana pembe moja kwa mkasi. Ilikuwa kazi safi, asiyeipenda ana lake. Fundi alijiona katikati ya karatasi, umbo dogo limelala kichwa kaskazini, kama vile wanavyochorwa watu wasioamka.

"Sikuchora ya leo, shemeji," Sentimita alisema. "Ya leo haitakusaidia. Nimechora ya siku ile, mfereji ukiwa wazi. Kazi yetu ni kuonyesha kitu kilivyokuwa." Kidole chake, ukucha umekatwa kwa usawa, kilitembea juu ya karatasi. "Gari lilitokea huku. Wewe hapa. Furushi hapa, mita mbili na nusu, kama walivyonieleza wale wa maziwa. Kiatu hapa mferejini, mita kumi na moja na sentimita arobaini. Hapa gari lilisimama. Hapa likaondoka."

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, kifuniko kikigongagonga.

"Umechora vizuri," fundi alisema. "Ni kama naiona."

"Na wewe? Hujakumbuka kitu kingine? Hata kidogo?"

"Mwanga tu, shemeji."

"Afadhali. Mengine yangekuumiza bure."

Fundi aliitazama karatasi kwa kitambo, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akaomba kalamu. Alitaka kuongeza maneno mawili ya shukrani chini ya sahihi yake.

"Shukrani hazina sehemu kwenye fomu," Sentimita alisema.

"Mwache aandike," wifi aliingilia, akifuta mikono mlangoni. "Wewe mwenyewe hujawahi kushukuru hata kwa chai."

Sentimita aliinua mabega, akageuka kunyoosha kalenda iliyokaa upande ukutani. Fundi aliandika polepole.

Alipogeuka, mzee alinyoosha kiganja. "Lete niyapitie. Usije ukawa umekosea."

"Nikikosea watanirudishia." Alikuwa ameshaikunja fomu pamoja na mchoro. Akalamba gundi, akaufunga mdomo wa bahasha, akaupitishia ukucha mara mbili, kama anavyolainisha pindo.

Mzee aliitazama bahasha, kisha akamtazama yeye. Kifuniko kikagonga jikoni.

"Posta inafunga saa kumi, shemeji," fundi alisema. "Nisaidie na hili la mwisho."

Akaipokea. Akatoka akihesabu: moja, mbili, tatu. Fundi alisikiliza mpaka sauti ikafifia.

"Wifi," alisema, "funga mlango. Tia na komeo."

Huko posta, Sentimita alisubiri mpaka akauona muhuri ukigongwa, kisha akaisukuma bahasha sandukuni kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na mistari miwili ya chini ya sahihi: *Fungueni mfuniko wa zege, mita kumi na moja na sentimita arobaini kutoka nilipolala. Kiatu changu kikiwamo, mwulizeni aliyechora alikiona lini.*